Siku Moja Bloomsbury, London, Mwishoni mwa Novemba

Saa 12:30 asubuhi. Nje giza totoro. Msimu huu jua la London halichomozi mpaka saa moja na nusu, na kukiwa na mawingu hata likichomoza hulioni. Nyumbani ni saa 3:30, watu wameshafika makazini na kundi la ukoo la WhatsApp limejaa salamu. Najibu mbili tatu huku nikisubiri zamu ya bafu. Tunaishi watano, Stoke Newington, na bafu ni moja.

Saa 2. Basi namba 73, ghorofa ya juu. Treni ingenifikisha mapema, ila basi ni nafuu, na ukiunganisha basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Humu ndimo ninamomalizia makala za semina.

Saa 3. Katika jengo la wanafunzi la UCL, chuo kikuu ninakosomea uzamili, nampita Jeremy Bentham ndani ya kabati lake la kioo. Mwanafalsafa huyu alifariki 1832 akiwa ameacha wosia kwamba mifupa yake ivishwe nguo zake na kuketishwa kitini. Wageni wanampiga picha. Sisi tunaowinda meza yenye soketi hatuna muda naye.

Saa 5. Semina, hatuzidi kumi na watano mezani. Mhadhiri anataka tumwite kwa jina lake la kwanza (mdomo wangu bado unagoma, namwita Profesa). Mada ni kipindupindu cha 1854 mtaani Soho, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka hapa. Wengi tumekuja na hadithi iliyozoeleka: daktari John Snow alichora ramani, akaona vifo vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street, mpini ukang'olewa, ugonjwa ukaisha.

"Mpini ulipong'olewa tarehe 8 Septemba," akauliza mhadhiri, "vifo vilikuwa vinapanda au vinashuka?"

Vilikuwa vimeshaanza kushuka, na Snow mwenyewe aliliandika hilo. Ramani nayo ilichapishwa baadaye. Basi ushahidi kwamba maji ya pampu ndiyo yaliyoua uko wapi? Dada mmoja akataja wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani na pampu: walikunywa bia, kiwanda kilikuwa na kisima chake chenyewe, na hakuna aliyekufa. Nikampinga kwamba kundi lile ni dogo, na huenda walitofautiana na majirani kwa mengine pia. Tukavutana mpaka muda ukaisha, na mhadhiri hakusema nani kashinda.

Hapa ndipo ada yangu inapokwenda, si kwenye mihadhara. Insha inayosimulia vizuri kila kilichosomwa huishia alama hamsini na kitu kwa mia. Kuvuka 70, ambayo huku ni daraja la juu kabisa, lazima uonyeshe hoja ya mwandishi inavujia wapi. Kwa mtu aliyefaulu miaka yote kwa kunukuu walimu wake, hilo linataka mazoezi.

Saa 8. Mhadhara wa takwimu, ukumbi umejaa. Unarekodiwa, kwa hiyo nasikiliza tu. Tukitoka saa 10 jua limeshazama.

Saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Zamu mgahawani. Viza yangu inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, wiki ikihesabiwa Jumatatu mpaka Jumapili, hivyo meneja akiniomba nimshikie mtu zamu naangalia kwanza daftari langu. Kujiajiri ni marufuku kabisa, hata vikazi vya kutafsiri hati. Na anayedhani kiangazi kitamkomboa ajue kwamba kwetu sisi wa uzamili huo ni muda wa tasnifu. Saa 20 zinabaki pale pale.

Saa 5:30 usiku. Kompyuta, chai, insha ya kukabidhi Ijumaa. Aya ya kwanza inasimulia ramani ya Snow kwa mbwembwe zote. Naifuta na kuanza na kiwanda cha bia.