Chizikeki ya papai la uani, oveni hakuna

Jamani huu mpapai wangu hapa Nyegezi, uliojiotea wenyewe pembeni ya jiwe, umezaa mpaka majirani wakiniona na ndoo wanaingia ndani, nikasema basi ngoja nijaribu chizikeki ya kugandisha tu maana oveni yenyewe sina. Ile jibini laini ya dukani bei yake mh! Nikachukua mtindi lita 2 nikaufunga kwenye kipande cha kanga safi, nikautundika kwenye bomba la sinki usiku kucha, asubuhi maji yote yameshuka umebaki mzito unakaa kwenye kijiko. Biskuti nikazitwanga kwenye kinu (mwanangu: mama, leo kisamvu?), siagi ya kuyeyusha, nikashindilia chini ya sufuria.

Sasa kosa. Papai nikalisaga hivyohivyo nikachanganya na jelatini, masaa 6 kwenye friji, nafungua nakuta uji. Kumbe papai lisilopikwa lina kimeng'enya kinachoikatakata jelatini haigandi ng'o. Mara ya pili nikalichemsha kwanza, likapoa, nikakamulia ndimu, na ikashika kweli.

Ule uji wa kwanza tuliunywa kwa vikombe, mtamu balaa.