Rafu ya vitabu ilivyoacha kunuka ukungu
Nyumba yetu ya Tanga ina kuta za mawe na chokaa, na masika yakifika zinatoa jasho. Rafu yangu ilikuwa imegandamana na ukuta. Siku moja navuta kamusi, jalada lina unga wa kijani na harufu ya kanga mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Nikaupaka ukuta rangi ya mafuta. Wapi! Miezi 2 tu ikabambuka.

Kilichosaidia ni kuisogeza rafu sentimita 5 kutoka ukutani, kuuondoa ubao wa nyuma, na kuacha vitabu vipumue. Vilivyoota ukungu nilivianika barazani, kivulini, nikavipangusa kwa brashi kavu, pua nimeifunga kitambaa. Ukuta nao nimeurudishia chokaa. Mke wangu anasema sebule sasa inafanana na madrasa.