Mzigo wangu uko wapi? Siku moja nyuma ya kaunta ya posta

Saa 1:20 asubuhi. Nafika kabla gari la mizigo halijaingia. Watu hudhani malalamiko huanzia kaunta. Mimi nasema huanzia huku nyuma, kwenye gunia. Likishuka tu, naangalia lakiri: namba yake ifanane na iliyoandikwa kwenye karatasi ya safari, kamba isiwe imechezewa, na uzito kwenye mzani wetu ulingane na wa kule lilikotoka. Tunafungua wawili. Mmoja anasoma orodha, mwingine anashika mzigo na kuitikia.

Leo orodha ina vitu 23. Tumehesabu 22. Tukarudia, 22. Naandika taarifa ya upungufu palepale, mwenzangu anasaini, dereva naye anasaini huku akinung'unika kwamba anachelewa. Achelewe. Usipoandika saa hiyo, kesho mzigo huo utakuwa umepotelea mikononi mwako.

Saa 2:00. Mlango haujafunguka vizuri, kijana ameshafika kaunta na simu kaiinua juu. "Dada, mzigo wangu mmeuza." Salamu hamna. Kwenye simu yake imeandikwa umewasilishwa tangu wiki iliyopita.

Namuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: uliandika sanduku la nani? Kumbe S.L.P. ni ya shule anayofundisha mama yake. Hapo ndipo penye kazi. Nchini kwetu wengi hatuna sanduku letu. Tunaazima la shule, la kanisa, la ofisi ya shemeji. Posta inakabidhi kwa mwenye sanduku, na mwenye sanduku naye ana mambo yake. Nafungua kitabu cha makabidhiano: kuna saini, jina la mhudumu wa shule, namba ya kitambulisho. Kijana akapiga simu. Mzigo ulikuwa chini ya meza ya karani wa shule, siku ya tisa hiyo, umewekewa thermosi ya chai juu yake.

Akaondoka bila kuaga. Si neno.

Saa 3:40. Mzee mmoja, kofia mkononi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Binti yangu wa Uingereza kanitumia kifurushi, wenzako wananiambia hakipo kabisa." Amenipa kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne, namba imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Binti aliisoma kwenye simu, mjukuu akaandika.

Kompyuta nayo inakataa: namba haipo. Wengi huishia hapo, mteja akarudishwa nyumbani. Lakini namba hizi za kimataifa zina mpangilio wa Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili mwanzo, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi mzigo ulikotoka. Ile tarakimu ya tisa haikuwekwa ovyo, ni ya kuhakiki. Unazidisha zile nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7, unajumlisha, unagawanya kwa 11, kisha baki unaitoa kwenye 11.

Yake ilisomeka 20114635, ya mwisho 4. Hesabu yangu ikatoa 6. Basi kuna palipokosewa. Nikaangalia zile tarakimu mbili za 1 zilizofuatana, maana moja na saba kwa mwandiko wa mtoto ni ndugu. Nikaifanya ya pili kuwa 7: ikatoka 5. Nikaifanya ya kwanza kuwa 7: ikatoka 4. Nikaandika upya, nikabonyeza.

Kifurushi kipo nchini, kimekaa forodha, kinasubiri uthibitisho wa thamani. Kumbe binti hakujaza bei kwenye fomu ya forodha. Nimemwandikia mzee maelezo kwa herufi kubwa amsomee binti: atume risiti ya dukani. Mzee ananitazama kama nimepiga ramli.

Saa 5:15. Huyu sikutaka aje leo. Mama wa bahasha ya rejesta, safari yake ya nne. Ndani mna cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Nimefuatilia hatua kwa hatua: ilipokelewa, ikaandikwa, ikaingia kwenye gunia, na kituo kilichofuata hakuna aliyeiandika kuingia. Kati ya vituo hivyo viwili ndipo ilipoishia.

Nimejifunza kutosema "subiri kidogo" ninapojua jibu. Nimemwambia, "Mama, imepotea. Nasikitika." Nikamweleza aliyetuma ndiye mwenye haki ya kudai fidia, aje na risiti yake, na kwamba fidia yenyewe haitatosha kumfuta machozi. Cheti aombe nakala RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Amekaa kwenye benchi muda mrefu, mkoba mapajani.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage, nimesimama.

Saa 8:10 hadi saa 9:30. Fomu za kuulizia mizigo ya nje, ile CN 08. Ya mmoja nimeirudisha: miezi sita tangu kutumwa imeshapita. Halafu nikapita masandukuni kukagua vikaratasi vya taarifa, kimoja kimoja. Nina sababu. Mwaka jana mimi mwenyewe nilitumbukiza cha sanduku 414 kwenye 411, na mwenye 411 hufungua sanduku lake Pasaka na Krismasi. Mteja alinitukana miezi miwili, na alikuwa na haki yote.

Saa 10:20 jioni. Nafunga droo, simu inaita. Ofisi ya wilaya jirani: wamekuta kitu cha ziada kwenye gunia lao, namba ni yetu. Ile ya 23. Moyo ukaniruka, nikawaza bahasha ya yule mama.

"Ni kitu gani?"

"Boksi dogo, zito. Limeandikwa vipuri vya cherehani."

Nikachukua kalamu, nikaandika namba.