Pilipili mbuzi bila udongo: makumbi na mbolea ya minyoo

Udongo wa uani kwetu, hapa Tanga, una mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka ukiwa bado kijani, na pilipili ni ukoo mmoja na nyanya na biringanya, hivyo nayo haiponi. Vimelea hivyo hukaa ardhini kwa miaka, basi nikaamua kuachana na udongo wenyewe.

Badala yake natumia makumbi ya nazi, ambayo pwani hayakosekani. Ninachotaka ni lile vumbi la kahawia linalobaki usumba ukishachambuliwa wa kusokotea kamba. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike, kama wafanyavyo kinamama wa Unguja, yamekunywa maji ya bahari, na pilipili haivumilii chumvi. Nililoweka vumbi kwenye maji ya mvua, nikakamua, nikarudia na kurudia hadi maji yaliyotoka hayakuwa na chumvi hata nikiyaonja. Kazi hii inachosha, ila bila hiyo mengine yote ni bure.

Minyoo wangu ni wale wekundu, Eisenia fetida, wala si wale wanaochimba chini shambani. Wako kwenye ndoo iliyotobolewa, kivulini, maana joto likipita nyuzi 35 wanakufa. Nawalisha maganda ya ndizi, majani ya chai, mchicha uliochakaa na maboksi yaliyochanwachanwa. Malimau, vitunguu, nyama na mafuta siwapi.

Kopo moja la mbolea yao nalichanganya na makopo manne ya vumbi. Miche ikishashika, naiongezea maji ya mboji: mboji sehemu moja kwa maji sehemu 10, imefungwa kwenye kitambaa, huku pampu ndogo ya tangi la samaki ikipuliza hewa siku nzima. Hewa hiyo naitilia mkazo sana. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati, ambayo mizizi huipenda zaidi, hawafanyi kazi bila oksijeni. Maji mazuri hunukia kama ardhi iliyonyeshewa. Yakitoa uvundo, nayamwaga.

Mipira ya matone situmii, kwa sababu maji haya yana chembechembe na utelezi, na vitundu huziba. Asubuhi namwagilia kwa kopo mpaka yachuruzike chini ya ndoo nilimopanda pilipili.

Kilichobaki ni kalsiamu. Vumbi la makumbi huishikilia, tunda likaanza kuoza kitako. Nasaga maganda ya mayai, nayatia kwenye siki mpaka yaache kutoa povu, kisha kijiko kimoja cha chakula cha siki hiyo kwenye ndoo ya maji ya lita 10, mara moja kwa wiki tangu maua yanapotokea.

Sasa mama anayekaanga mihogo mtaani kwetu huchukua pilipili zangu zote kwa ajili ya chachandu yake. Ameniomba miche, nami nimempa, pamoja na konzi ya minyoo ya kuanzia.