Nilivyotoa upepo kwenye breki za gari yangu

Pedeli ya breki ikizama, halafu ukipampu mara mbili tatu inakuwa ngumu, mara nyingi ni upepo umeingia, na hiyo sio kazi ya kusogeza mpaka wikiendi. Yangu ilianza baada ya kubadilishwa paipu ya mpira ya tairi la nyuma, nikaamua kuutoa mwenyewe nyumbani.

Ukitaka kuelewa tatizo chukua bomba la sindano bila sindano yake, vuta hewa, ziba mdomo kwa dole gumba usukume, inaenda zaidi ya nusu na ukiachia inarudi. Sasa jaza maji, toa povu lote, sukuma tena... haiendi, kidole kinauma tu. Kwenye hewa molekyuli zimeachana mbali, kwa hiyo presha inakula ile nafasi, ila kwenye maji zimeshakaribiana kabisa, ukizisogeza tena elektroni zao zinasukumana kwa nguvu kubwa mno. Kupunguza maji asilimia 1 tu unahitaji presha kama mara 220 ya hii hewa ya kawaida! Hata chini kabisa ya shimo la Mariana, sehemu yenye kina kirefu kuliko zote baharini, karibu kilomita 11, maji yanapungua kama asilimia 5 hivi. Chuma ni kigumu kubana kama mara 70 kuliko maji. Mpira ndio unadanganya watu, unabonyea kwa sababu unabadilika umbo, lakini ujazo wake unabaki karibu uleule.

Kwa hiyo oili ya breki inafikisha nguvu ya mguu mpaka kwenye pistoni inayobana breki kwenye tairi, ila kukiwa na povu la hewa mguu unaishia kulibana hilo povu.

Nilianza tairi la nyuma kushoto, ndio liko mbali zaidi na masta silinda (ile pampu ya oili inayosukumwa na pedeli), nikavalisha mpira mwembamba wa uwazi kwenye nati ya kutolea upepo, ncha nyingine ikazama kwenye chupa yenye oili. Mdogo wangu anakanyaga anashikilia, nafungua nati kidogo, povu linatoka unaliona kabisa, nafunga NDIO anaachia, maana akiachia mapema inavuta hewa upya. Kikombe cha oili kilicho juu ya masta silinda usikiache kikauke. Na weka oili mpya, ya zamani imeshanyonya unyevu, breki zikipata moto sana ule unyevu unageuka mvuke na mvuke unabanwa kama hewa tu.

Pedeli ikawa ngumu, inasimama juu. Oili iliyotoka usiirudishe, na ikidondokea bodi mwagia maji haraka, inakula rangi.