Nilikuwa "Kabla"

Mwaka 2006 nilihama Bagamoyo nilikosomea sanaa za maonyesho, nikaja Dar es Salaam kutafuta kazi za jukwaani. Jukwaa lilikuwa na nafasi chache. Zilizopatikana kidogo ni za matangazo. Huko nako mwanamke aliwekewa kazi mbili: kufua, mume asifie weupe wa shati, au kupika, mume akisubiri mezani. Kushika usukani au kukaa kwenye meza ya ofisi alipewa mwanaume, na mara moja moja msichana mweupe, mwembamba. Mimi ni mtu wa Newala, mweusi hasa. Kwa hiyo nilipopigiwa simu nikaambiwa wanatafuta msichana wa rangi yangu kwa tangazo la krimu, nilifurahi sana.

Studio ilikuwa kwenye nyumba ya kupanga Kinondoni. Mpambaji alikuwa mama mtu mzima ambaye wote pale walimwita Anti. Kwanza alinisugua uso kwa sabuni hadi mafuta yangu ya nazi yakaisha. Akanipaka poda ya rangi ya majivu. Kisha akachukua wanja, akanichora madoa: mawili shavu la kulia, moja juu ya pua, akiyafifisha kwa ncha ya kidole ili yaonekane ya siku nyingi. Nywele zangu, zilizosukwa jana yake, akafumua mistari miwili. Nikafungwa kanga iliyochakaa. Mpiga picha akazima taa ya upande mmoja, nusu ya uso ikabaki gizani.

"Inamisha kichwa, dada," mwongozaji akasema. "Huna kazi, huna mchumba. Sikia uchungu."

Niliusikia kweli, maana nilikuwa nimevikwa uso wa mtu anayestahili kuonewa huruma, na uso wenyewe ni wangu.

Hiyo ilikuwa "Kabla". Kwa ajili ya "Baada" ningenawa, nipakwe fundesheni ya rangi nyepesi kuliko yangu, taa zote ziwashwe na ubao mweupe usimamishwe mbele yangu urudishe mwanga usoni. Gauni jekundu lingebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili nipate kiuno, na kijana wa suti angenivisha pete. Tumbo na mikono, nikaambiwa, kompyuta itamalizia.

Nikachukua kopo la krimu mezani. Lilikuwa jepesi. Nikalifungua: tupu.

"Krimu yenyewe sipaki?" nikauliza. Wakacheka wote isipokuwa Anti. Akanishika mkono, akanipeleka bafuni kunawa.

Kule ndani, mwanga wa dirisha ulinionyesha nisichokuwa nimekiona. Uso wake ulikuwa mwekundu kama nyama iliyobabuka, mishipa midogo ikionekana mashavuni, lakini vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi tii. "Mwanangu, wakikupa kopo lenye kitu, usipake," aliniambia. Alianza kupaka mkorogo wa kujichubua miezi michache kabla ya harusi yake, kwa sababu mawifi walisema bwana harusi anastahili mke mweupe. Aliponisimulia, jua la saa nne lilikuwa linamchoma, na akijikata na kisu jikoni kidonda kinachelewa kufunga.

Yeye alinieleza maumivu. Sababu nilizisoma baadaye: ni kemikali zinazokuwemo kwenye mkorogo. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Steroidi hukondesha ngozi. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, ila mkorogo bado unapatikana kwa anayeutafuta. Mwaka 2020 kampuni ya Unilever ilipoibadilisha jina krimu yake ya kung'arisha ngozi ya Fair & Lovely kuwa Glow & Lovely, na neno la Kiingereza la weupe likaondoka, rafiki zangu walinipongeza kana kwamba tumeshinda. Sikuona ushindi wowote. Anayemuuzia mtu dawa ya rangi yake lazima kwanza amshawishi kwamba rangi hiyo ni ugonjwa, na hilo halihitaji jina fulani kwenye kopo.

Nilitoka bafuni uso mkavu. Nikamwambia mwongozaji anipige picha nilivyo, na mafuta yangu ya nazi, aiite hiyo "Baada".

"Dada, kazi huitaki?"

"Kazi naitaka. Lakini huyo msichana mwenye shida hayupo. Mmemtengeneza sasa hivi, na wanja."

Akanisogezea karatasi ya kusaini. Sikusaini. Nikasimama nyuma ya kamera hadi picha zangu zikafutwa moja baada ya nyingine mbele ya macho yangu. Malipo sikupata, hata nauli.

Wiki kadhaa baadaye nikiwa kwenye daladala nililiona bango Magomeni. Walimpata msichana mwingine, mweusi kama mimi, kichwa kimeinama. Madoa mawili shavu la kulia, moja juu ya pua.

Nilishuka. Chini ya bango walisimama wasichana watatu wa sekondari, wamevaa sare, mmoja akiwasomea wenzake bei. Nikawaambia yale madoa ni wanja. Nikawaeleza habari ya taa, ya ubao mweupe, ya vibanio mgongoni, ya kopo tupu.

"Umejuaje, dada?" akauliza yule aliyekuwa akisoma bei.

"Nami nilichorwa," nikamjibu. "Hapa, hapa na hapa."