Ozoni kwenye maji ya dawa, na hewa ya Mtwara

Adui mkubwa wa mtambo wa maji ya kutengenezea dawa ni utelezi. Bakteria wachache hujigandisha kwenye ukuta wa bomba na kujifunika ute, na kemikali unayopitisha inaua walio juu tu. Kipimo cha Jumatatu kinatoka safi, cha Alhamisi kimevuka makoloni 100 ya bakteria kwa mililita, na hapo maji hayafai tena.

Asidi ya perasetiki inaua vizuri, ila kuisuuza ni kazi, na kila lita ya kusuuzia ni maji uliyokwisha kuyagharamia kwenye RO, mashine inayochuja chumvi kwa utando. Maji ya nyuzi 80 hayaachi kitu, lakini piga hesabu: kupasha lita 2,000 kutoka nyuzi 30 hadi 80 ni karibu yuniti 116 za umeme, mbali na joto linalopotea, halafu uyapoze tena.

Ozoni, gesi inayoua bakteria, inatokana na oksijeni na inarudi kuwa oksijeni. Kwa mtambo mdogo wa huku kwetu ningechagua hiyo. Tatizo ni hewa. Mashine nyingi za ozoni hupitisha hewa kwenye umeme wa volti kubwa. Ukiivuta hewa ya Shangani, hapa Mtwara, ilivyo, unyevu na naitrojeni vinazaa asidi ya nitriki. Ukifungua mashine unakuta vyuma vimeliwa, na ozoni imeshuka zamani. Hewa lazima ikaushwe hadi kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo unyevu wake huanza kuganda, kiwe nyuzi 60 chini ya sifuri. Ipo pia mashine inayopasua maji yenyewe yaliyosafishwa, haihitaji hewa kabisa. Ni ghali, lakini pwani inajilipa.

Joto nalo lina lake: maji ya nyuzi 30 hayashiki ozoni vizuri, na iliyomo inakufa haraka. Yapoze hadi 20 au 25 kwanza.

Usiku, uzalishaji ukisimama, zima taa ya UV (mwanga wa urujuanimno, unaovunja ozoni), pandisha ozoni, na usome kipimo kwenye bomba la kurudi, siyo kwenye tangi. Tangini inaweza kusoma miligramu 0.3 kwa lita huku mwisho wa mzunguko hakuna kitu. Ikifika miligramu 0.1 kwa lita kwenye bomba hilo la kurudi, iache izunguke saa moja, huku ukifungua kila koki kidogo. Koki isiyofunguliwa ndiyo inayorudisha utelezi, sawa na tawi la bomba ambalo urefu wake umezidi kipenyo chake mara tatu. Kisha washa UV ya nanomita 254, na usitoe maji mpaka ozoni baada ya taa isome sifuri. Taa iliyochoka inawaka kama kawaida lakini ozoni inapita, kwa hiyo hesabu saa zake, usitazame mwanga.

Gasketi ziwe za teflon au EPDM, mpira wa sintetiki unaostahimili ozoni. Mpira wa kawaida unapasuka. Na ozoni isirudi nyuma kabisa kwenye RO: utando wake unaliwa, chumvi ya kisima inaanza kupita.